Masale ya Goli la Juu

Akheri,
3 Juni 2024

Mzee Parsimei,

Shikamoo.

Hatufahamiani. Naitwa Eunike, katibu wa Kihamba Stars ya hapa Akheri, timu uliyoidakia wewe miaka ya themanini. Nilipewa namba yako ya simu nikapiga mara tatu, na mara zote tatu uliniambia kwa sauti kubwa kwamba viazi vimeisha. Mara ya nne akapokea binti yako Naisiae. Alicheka sana, akasema masikio ya baba yake yalibaki kwenye mashine ya kukobolea kahawa, na mwenye jambo naye amwandikie. Ndiyo nakuandikia. Barua anakuletea dada Lucky, ambaye hununua viazi huko kwenu Oldonyo Sambu na kuviuza Tengeru. Jibu mpe yeye.

Jambo lenyewe ni uwanja. Timu imepanda ligi ya mkoa kwa mara ya kwanza tangu iundwe. Tarehe 12 Agosti wakaguzi wa ligi wanakuja, na wanataka vitu viwili. Cha kwanza ni historia ya uwanja kwa maandishi: nani aliutoa, lini, kwa makubaliano gani, maana karatasi hatuna hata moja. Cha pili ni urefu. Uwanja usipungue mita tisini, na wetu tumeupima mara mbili, ni themanini na moja.

Tukishindwa, mechi zetu za nyumbani tutachezea mjini, uwanja wa kukodi, bila mashabiki wetu. Na unajua huku kwetu, mzee, uwanja usiochezewa mpira haumalizi miaka miwili kabla watu hawajaanza kuupima viwanja vya nyumba. Mimi nimekulia kando ya kelele za uwanja huo. Sitaki ufe mikononi mwangu.

Wazee wa timu waliobaki ni wawili. Mmoja kasahau, mwingine anakumbuka magoli yake tu. Wote wamesema: muulize Parsimei, yeye ndiye kichwa. Naomba utuandikie.

Wako mtiifu,
Eunike E.
Katibu


Oldonyo Sambu,
11 Juni 2024

Binti Eunike,

Marahaba. Viazi vilikuwa vimeisha kweli.

Umenifurahisha, na pia umenipa kazi. Nimekaa siku tatu na kalamu ya mjukuu. Mkono uliozoea spana hauandiki vizuri, utavumilia.

Uwanja huo ulikuwa kahawa. Mwenye shamba ni Mzee Elieshi, Mungu amrehemu. Kahawa ya upande ule iliugua ugonjwa wa chulebuni ikafa yote, akabaki na kilima kitupu na vijana wanaompigia mpira kwenye migomba yake. Siku moja mwaka 1979 akawaita, akawaambia: "Ardhi imekataa kuzaa kahawa, basi izae kelele. Chezeni mpaka mtakaposhindwa wenyewe." Hayo ndiyo makubaliano. Hakuna karatasi, lakini walisikia watu wengi, na mzee yule alikuwa hasemi jambo mara mbili.

Mimi nilifika mwaka 1981 kufanya kazi kwenye mashine ya kahawa. Mwarusha peke yangu katikati ya Wameru, miaka kumi na tisa, Kimeru sijui, Kiswahili cha kuombea maji tu. Walinicheka nilipokula ndizi kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Halafu wakaona ninavyodaka. Baada ya hapo hakuna aliyenicheka ila kwa upendo.

Milingoti ya goli tulikata miti mibichi ya uzio. Mvua za masika ziliponyesha, mmoja wa goli la chini ukachipua majani. Mwamuzi kutoka Usa River akakataa kuchezesha mpaka tuupogoe. Tuliupogoa miaka mitatu mfululizo.

Uwanja una mteremko, hilo unalijua. Goli la juu liko upande wa mlima, la chini upande wa mfereji. Ukipiga shuti la nguvu kuelekea chini na kipa akakosa, mpira unaingia mferejini na kusafiri mpaka kwa watu wengine. Mwaka 1984 mpira ulikwenda na haukurudi. Tulimaliza mechi kwa mpira wa wageni, wakatushinda, wakaondoka nao.

Ukungu je? Kuanzia Juni Mlima Meru unatuma ukungu jioni, unashuka kama mtu anayevuta shuka kitandani. Nikiwa goli la juu nilikuwa siwaoni wenzangu, nasikia miguu tu. Nilidaka kwa masikio. Siku hizi Engai, Mungu wetu, ameyachukua, sijui angependa nidake kwa kitu gani.

Mwaka 1985 tulichukua kombe la tarafa. Timu nzima ililala kwa Mzee Elieshi. Mama mwenye nyumba alitupikia makande, akaniwekea mimi maziwa ya mgando pembeni kwa sababu alijua nayapenda. Sijamsahau mama yule.

Mwaka 1991 mvua ilibomoa kingo za mfereji, upande wa chini ukaliwa hatua mbili. Mwaka 1998 walitoa milingoti ya miti wakaweka ya chuma. Haya mawili niliyasikia tu, nilikuwa nimeshahama.

Hiyo ndiyo historia. Kuhusu urefu siwezi kukusaidia.

Parsimei


Akheri,
20 Juni 2024

Mzee Parsimei,

Shikamoo, na asante sana. Barua yako nimeisoma kwenye kikao. Ulipofika kwenye mlingoti uliochipua watu walicheka hadi mwenyekiti akapiga meza.

Lakini mzee, nisamehe, mimi ni mwalimu wa hesabu na nina tabia mbaya ya kuhesabu. Kutoka 1985 umeruka moja kwa moja hadi 1991. Miaka sita, na hapo katikati ndipo ulipohama. Ndani ya miaka hiyo ndiyo penye tatizo letu.

Nikueleze. Nyuma ya goli la juu kuna mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu. Kila mtu huku anajua masale ni mpaka: yakishapandwa, hata ndugu wa tumbo moja hawavukani. Baada ya masale ni migomba ya jirani. Wazee wetu wawili wanasema zamani uwanja ulipanda hadi kwenye jiwe jeupe, na jiwe hilo sasa liko ndani kabisa ya migomba. Kutoka masale hadi jiweni ni hatua kumi na nne. Mita tisa zetu zimo humo, na zinabaki.

Timu siku zote imeamini familia ya jirani ndiyo iliyopanda masale ili kuturudisha nyuma. Nilipokwenda kumuuliza mzee mwenye migomba, alisema: "Nyie ndio mliopanda. Mlituwekea mpaka, tukauheshimu. Sasa mnataka nini?" Kisha akaniambia nifunge mlango nikitoka.

Sasa nani alipanda? Kila upande unasema ni wenzake. Haiwezekani yawe yalijipanda. Mzee wetu mwenye kumbukumbu ya magoli alipoulizwa aliangalia chini, akasema tena: muulize Parsimei.

Nakuuliza. Zimebaki wiki saba.

Eunike E.


Oldonyo Sambu,
25 Juni 2024

Binti,

Kabla sijajibu niambie jambo moja. Huyo mzee mwenye migomba, anatembeaje?

Na jambo la pili. Umesaini mara mbili Eunike E., na hiyo E umeiacha peke yake kama mtu aliyesimama mlangoni hataki kuingia. Ni E ya nani?

Parsimei


Akheri,
4 Julai 2024

Mzee Parsimei,

Shikamoo.

Ni E ya Elifuraha. Mzee mwenye migomba ni baba yangu, na Mzee Elieshi ni babu. Mama uliyesema hujamsahau ni bibi yangu, aliyenilea. Alifariki miaka tisa iliyopita.

Sikukuambia kwa sababu niliogopa. Nyumbani jina lako halitajwi. Nilipokuwa mdogo niliwahi kuokota picha ya timu ya 1985 kwenye sanduku la bibi, nikauliza huyu kipa mrefu ni nani. Bibi aliichukua taratibu, akasema, "Huyo alikuwa mtoto wangu." Baba alikuwepo. Akainuka akatoka nje. Sikuuliza tena.

Umeuliza anatembeaje. Anatembea kwa mkongojo. Mguu wa kulia haukuunga sawasawa, ni mfupi. Wakati wa baridi hii unamuuma na hasemi, ila tunajua kwa jinsi anavyowagombeza kuku. Kila mtu anajua ilikuwa ajali: mazoezi, ukungu, kipa alitoka golini hakumwona. Ndivyo baba mwenyewe alivyosema siku zote, na hajawahi kukulaumu kwa mguu. Lakini nikimtajia uwanja anasema, "Walinipandia mpaka." Nilidhani anasema timu. Baada ya barua yako nadhani anasema wewe.

Bibi alinisimulia kidogo. Baba alikuwa kitandani, mguu kwenye mbao. Asubuhi moja babu akaenda kukata majani ya ng'ombe akakuta masale kumi na moja yamepandwa kwa mstari mbele ya goli la juu la wakati ule, udongo mbichi. Akarudi akasema, "Wamemvunja mtoto, na sasa wametukatia mpaka ili tusiwadai neno. Basi. Walichojiwekea ni chao, kilichobaki ni cha migomba." Akapanda migomba juma hilohilo. Timu ikasogeza goli chini ya masale. Bibi alisema babu alikuwa analia akichimba, na hakuwa mtu wa kulia.

Baba hajakanyaga uwanja huo miaka thelathini na minane. Lakini siku za mechi hukaa kwenye benchi nyuma ya nyumba, kaupa uwanja mgongo, kafumba macho. Anasikiliza. Watu wakipiga kelele anasema peke yake: "Kona." Au: "Goli, la kichwa." Nikiwa mtoto nilikuwa nakimbia kwenda kuhakikisha, na hajawahi kukosea. Ndiyo maana nimekuwa katibu, mzee. Nimekua nikiangalia mtu anayependa kitu hicho kuliko sisi sote, na hawezi kukigeukia.

Nimekuambia yote ninayoyajua. Sasa zamu yako. Ni wewe uliyepanda? Na kama ni wewe, kwa nini ulitufanyia vile?

Eunike Elifuraha


Oldonyo Sambu,
12 Julai 2024

Mwanangu Eunike,

Barua yako nimekaa nayo juma zima. Naisiae alifikiri kuna msiba, na mimi sikumkatalia.

Ni mimi niliyepanda. Na mpaka sikuujua. Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, na nikimaliza mpe baba yako asome mwenyewe.

Mimi na Elifuraha tulikuwa tukilala kitanda kimoja pale kwa babu yako. Mwaka 1986, mwezi wa sita, ikaja barua ya timu kubwa ya mjini kuwaita vijana kwenye majaribio. Wote tulijua kwamba wataitwa wawili, mshambuliaji na kipa. Aliitwa mmoja, yeye. Nikampongeza. Nikamkumbatia mbele ya watu.

Siku mbili baadaye tulikuwa mazoezini. Nipo goli la juu, ukungu umeshuka. Akaja na mpira peke yake. Nikatoka, nikaruka na mguu mbele. Mlio wa mfupa ule nausikia hata sasa, ambapo simsikii mwanangu akiniita kula.

Watu wakasema ni ukungu. Ukungu ulikuwepo, mwanangu, lakini haukuwa mzito hivyo. Nilimwona. Nilimwona vizuri na nikaenda. Sikukusudia kumvunja, nakuapia kwa Engai, nilitaka aanguke tu, asiwe anapita kila mahali kirahisi vile. Lakini nilimwona. Sijawahi kumwambia mtu neno hili, hata mama yake Naisiae aliyeondoka duniani akiamini ameolewa na mtu mwema.

Tangu siku ile nililala kwenye mashine, na jioni ya siku ya tatu nikaenda nyumbani kwenu. Nikafika kwenye mlango wa uani nikamsikia Elifuraha akilia kama mtoto, na mama yake akimbembeleza. Miguu ilikataa kuingia. Nikarudi.

Kwetu, mtu akitaka amani anang'oa majani ya kawaida, anayashika mkononi, anakuja. Adui yako akishika majani humpigi tena. Lakini hawa walikuwa Wameru, nikaona nisiende na desturi yangu kwa watu waliovunjikiwa, niende na yao. Nikamuuliza Calvin, fundi cherehani aliyekuwa na kibanda karibu na mashine: ninyi mkitaka kuombana msamaha mnafanyaje? Naye huku anakanyaga cherehani, hakuinua hata uso, akaniambia, "Unapeleka isale. Ukipeleka isale hakuna mwenye haki ya kukataa." Basi. Hakusema unapeleka vipi. Kwake ilikuwa kama kumwambia mtu maji yananywewa mdomoni.

Mimi nilikuwa nayaona masale kila siku, na siku zote niliyaona ardhini. Sikuwahi kuona mtu ameshika isale mkononi. Nikaamini ndivyo yanavyopelekwa: unayapanda mahali ulipokosea. Nikakata kumi na moja, moja kwa kila mchezaji, maana niliona nimeikosea timu nzima. Kukipambazuka nikayapanda pale alipoangukia, kwa mstari ulionyooka, nikayamwagilia. Nilichimba kwa mikono. Nilijivunia kazi ile. Nilisema moyoni, hata wao wataona nimejifunza kwao.

Kisha nikangoja waniite. Nilimwona babu yako na jembe anachimba upande wa pili. Nikaelewa kwamba msamaha wangu umekataliwa, na kwamba amepanda migomba ili wasiuone hata ule mstari. Juma la pili nilirudi kwetu. Nimeishi miaka yote hii nikijua nilipeleka isale, kitu ambacho hakikataliwi, na mimi nikakataliwa. Nikasema ni haki yangu, maana Mungu aliona kwamba nilimwona.

Sasa unaniambia alikuwa analia akichimba.

Ndani ya bahasha kuna majani. Siyo isale, huku kwetu hakuna, na sina tena ujasiri wa kutumia desturi ya watu. Ni majani ya malisho ya hapahapa, nimeyang'oa mwenyewe. Mkabidhi baba yako mkononi. Nakuomba sana, mkononi. Usiyachomeke popote.

Parsimei


Akheri,
21 Julai 2024

Parsimei,

Barua yako nimepewa na huyu katibu wenu, ambaye nimegundua miezi minne amekuwa akitoka nyumbani Jumamosi akisema anakwenda kwaya. Majani nimepewa pia. Yamefika yamekauka. Ng'ombe wangu hangeyala.

Sasa nisikilize, kama macho yako yanasikia.

Unasema uliniona. Unadhani mimi sikukuona? Mtu akikujia na mguu mbele unamwona uso. Niliuona uso wako, Parsimei. Niliujua uso ule kwa miaka mitano nikilala nao kitanda kimoja. Nilijua kabla mguu haujagusa chini. Na walipokuja kunibeba, baba akauliza imekuwaje, unadhani ni nani aliyesema ni ukungu? Ni mimi. Mfupa umetoka nje ya ngozi, na neno la kwanza kunitoka mdomoni lilikuwa "ukungu". Nilijua wakisikia vingine utafukuzwa, na huna kwa kwenda usiku ule. Neno likaenea, likawa la kila mtu, hata wewe ukadhani sikukuona.

Kwa hiyo mguu nilishaumaliza siku ileile. Nilikasirika, ndiyo, nililia, ndiyo, siyo kwa maumivu tu. Majaribio yale nilikuwa nayaota. Lakini nilijua utakuja. Nililala na mguu kwenye mbao, uso umeelekea mlango wa uani, kwa sababu ni kule ulikozoea kupitia. Mama aliweka maziwa ya mgando kila jioni. Kila jioni, Parsimei, na kila asubuhi anampa mbwa. Badala yako akaja baba na habari kwamba tumekatiwa mpaka. Hukuacha jina, lakini nani mwingine angepanda masale kwa mstari ulionyooka vile, kama anapanda viazi? Nikasema: nimemsitiri, na yeye amenipandia mpaka. Hiyo ndiyo iliyoniuma miaka thelathini na minane. Mguu ni mguu tu.

Ungekuja mikono mitupu ningekupokea. Sikutaka isale. Sikutaka majani. Nilitaka upite mlangoni.

Kuhusu uwanja. Eunike amenieleza habari za mita zake, kanichorea na picha. Migomba naweza kuikata mimi, ni yangu. Masale siwezi. Unajua sasa, au kama hujui nakufundisha, kwa sababu yule fundi cherehani hakumaliza somo: masale hayang'olewi na mtu mwingine. Aliyepanda ndiye ang'oe. Kwa hiyo usiniandikie tena kurasa nne. Kama unataka watoto hawa wacheze nyumbani, njoo. Na ukija, usiende uwanjani kwanza.

Maziwa yapo.

Elifuraha


Oldonyo Sambu,
26 Julai 2024

Elifuraha,

Jumamosi ya tarehe tatu. Mlango wa uani. Mikono mitupu.

Parsimei


Akheri,
19 Agosti 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo. Baba anasema nikuite hivyo kwa kuwa umemzidi miezi minne, ingawa anasema pia kwamba akili alitangulia yeye.

Umeondoka haraka, na nilikuahidi kukuandikia matokeo. Wakaguzi walikuja siku yao. Kwa utepe wao, kutoka goli hadi goli ni mita tisini na moja na nusu. Mmoja aliuliza kwa nini udongo wa upande wa juu ni mweusi na mlaini. Nikamjibu kwamba ni mahali palipopumzika. Uwanja umepita. Tutacheza nyumbani.

Historia waliichukua. Kwenye mwaka 1986 sikujua niandike nini, nikamwachia baba nafasi. Aliandika mwenyewe kwa mkono wake: "Mwaka huu yalipandwa masale kwa bahati mbaya." Nikamwambia hawataelewa. Akasema wao wanataka mita, si maisha yetu.

Lile isale la kumi na moja, ambalo mlishindwa wote wawili kuling'oa mkabaki mnacheka kama wendawazimu, liko nje ya mstari wa pembeni wa uwanja kwa hatua mbili, halisumbui. Tumeliacha. Niliona jana baba akilimwagilia, nikajifanya sijaona.

Juzi Jumamosi ndiyo ilikuwa mechi ya kwanza ya ligi. Nilijua atakaa kwenye benchi lake nyuma ya nyumba. Saa tisa nikapita kumuaga, benchi halikuwepo. Nilimkuta nalo uwanjani, amelibeba sijui vipi na mkongojo wake, ameliweka pale kwenye jiwe jeupe. Watu walimpisha. Mwenyekiti akaenda kumpa mkono, baba akamwambia ahame anamziba.

Lakini mazoea ni mazoea. Mpira ulipoanza, alifumba macho. Dakika ya ishirini na kitu watu wakaruka, kelele zikapanda mpaka kwenye migomba, na baba, macho amefumba, akasema kwa sauti kamili kama alivyosema maisha yangu yote: "Kona."

Lilikuwa goli. Letu. Maisha yangu yote hajawahi kukosea, na siku aliyokaa uwanjani akakosea.

Nilimgusa bega, nikamwambia fumbua macho baba. Akafumbua. Wachezaji walikuwa wamelaliana pale juu, kwenye udongo mweusi. Aliwatazama mpaka walipoinuka wote.

Hata hivyo anabisha. Anasema mpira uliguswa na beki, ilipaswa kuwa kona, na hapa hakuna shahidi wa maana. Anasema mechi ijayo ya nyumbani ni Jumamosi ya tarehe 31, uje ukae hapohapo kwenye benchi. Yeye atasikia, wewe utaona.

Mwanao,
Eunike Elifuraha